Ngumi mbili na nusu juu ya Mawenzi

Nakiri nilicheka kwanza. Mama Eli, anayeuza maparachichi mbele ya kibanda changu cha kutengeneza simu hapa Majengo, Moshi, alikuja asubuhi akidai taa zimepita angani zimefuatana kama siafu, zikaingia mlimani na kuzimika moja moja. "Mwanangu, kubwa kama sinia!" Nikacheka, akanuna. Siku hiyo parachichi sikupunguziwa.

Jioni nikamwomba radhi, nikachukua daftari la wateja. Sinia sikuliandika: kitu usichojua kiko umbali gani, ukubwa wake huujui, hata uwe rubani. Nikauliza yanayopimika. Saa? Hakuangalia, ila adhana ya magharibi ilishapita, ya isha bado. Upande? Zilitokea upande wa Meru zikaishia Mawenzi. Nikamwambia anyooshe mkono na kukunja ngumi, maana ngumi moja ni kama digrii kumi. Zilizimikia ngumi mbili na nusu juu ya Mawenzi. Kibo chenyewe, ukiwa hapa, hakizidi ngumi moja. Mlimani hazikuingia.

Ziliingia kivulini. Satelaiti za Starlink, zile za intaneti, zikisharushwa huenda kwa msururu siku za mwanzo, zikimulikwa na jua ambalo kwetu limeshazama. Zikifika kwenye kivuli cha dunia, kila moja huzimika palepale ilipozimikia ya mbele yake. Nikatafuta ratiba ya kupita kwake, ikalingana.

Jopo la watu 16 la NASA, shirika la anga la Marekani, lililochunguza vitu visivyotambulika angani, lilifanya kazi ya namna hiyo kwenye ripoti ya Septemba 2023. Kuna video iliyopigwa na ndege ya jeshi la majini la Marekani, kitu kinakata mbio juu ya bahari. Wakasoma namba zilizo kwenye skrini, wakapiga hesabu ya pembetatu: kiko futi kama 13,000 juu, kinakwenda kama kilomita 64 kwa saa. Mbio nyingi zilikuwa za ndege yenyewe. Panda hiace ya Himo uone migomba inavyokimbia.

Mama Eli hakuridhika. Akanitolea nyingine: mpira wa moto aliouona akiwa msichana, Kibosho. Mwaka? Kasahau. Upande? "Juu." Nikaandika: haijatambulika. Mradi wa Blue Book wa jeshi la anga la Marekani, uliochunguza taarifa za vitu kama hivi, ulifungwa mwaka 1969 ukiwa na taarifa 12,618, na 701 zilibaki hivyohivyo.

Akataka nimsomee daftari. Nilipofika kwenye mpira wa moto akaitikia kwa kichwa. "Hiyo umeiandika vizuri."