Jinsi nilivyompatia mwanangu tathmini ya elimu maalumu shuleni
Kila nilipokutana na mwalimu wa darasa nilimweleza kwamba mwanangu anasoma mstari mmoja kwa shida na kubahatisha unaofuata, na kila mara nilijibiwa kwamba tusubiri kidogo. Kilichobadilisha mambo ni barua ya kuiomba shule imfanyie tathmini, yaani uchunguzi wa kujua kama anahitaji elimu maalumu. Shule za umma nchini Marekani zinafungwa na sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iliyoanzia mwaka 1975, na mzazi akiomba tathmini, shule inayokataa inalazimika kumpa sababu zake kwa maandishi. Niliandika tarehe, nikaeleza ninachokiona nyumbani: anaruka maneno mafupi, anachanganya b na d, analia akipewa kitabu. Nakala nikabaki nayo.

Shule ilinipa fomu ya ridhaa. Tangu mzazi anapoitoa ridhaa hiyo, sheria ya taifa inaweka siku 60 za kukamilisha tathmini, ingawa jimbo linaweza kujipangia muda wake.

Kwa ajili ya kikao na shule cha kujadili matokeo na kupanga msaada atakaopewa, niliomba mkalimani wa Kiswahili, kwa kuwa ni wajibu wa shule kuhakikisha mzazi anaelewa yanayosemwa, na kwa maoni yangu si haki hata kidogo kumfanya mtoto atafsiri kikao kinachomhusu mwenyewe. Rasimu ya mpango wake binafsi wa elimu, yaani hati inayoeleza msaada atakaopewa, ilisema tu kwamba “atasaidiwa kusoma”. Sikuridhika, tukaandika ni dakika ngapi atafundishwa kila wiki, nani atamfundisha, na maendeleo yatapimwaje. Sasa anafundishwa na mwalimu wa elimu maalumu, nami hupokea taarifa ya maendeleo yake kila muhula.