Nilivyopata pa kukaa kwenye pwani ya Albania

Juni iliyopita tulivuka kwa boti kutoka kisiwa cha Corfu, Ugiriki, hadi Saranda, kusini mwa Albania: mimi, mume wangu na watoto wawili, bila gari, na fedha za wiki moja tu. Nilikuwa nimelipia malazi ya siku mbili. Kila niliyemuuliza alinitajia Ksamil, kijiji cha ufukweni kusini mwa Saranda, lakini sikutaka kulipia wiki nzima mahali nisipopaona.

Saranda ni mji uliopanda mlimani. Nyumba yetu ilitazama bahari, ila kushuka ni ngazi, kurudi ni ngazi, na kitinda mimba wangu akawa wa kubebwa kila mara.

Kesho yake tukapanda basi la kwenda Butrint, kwenye magofu ya kale, tukashuka njiani Ksamil. Maji yake yanang'aa, visiwa vidogo viko karibu kabisa. Lakini mchanga umejaa vitanda na miavuli ya kukodi mpaka ukingoni mwa maji. Mwanangu mkubwa, aliyezoea Tanga kwa bibi yake, akaniuliza, "Mama, maji yatakupwa saa ngapi?"

Hapo nikaelewa. Bahari ile haikupwi kama yetu; maji hupanda na kushuka kidogo mno, kwa hiyo hakuna ufuo mpana unaofunuka ukawa wa kila mtu. Kipande unachokiona asubuhi ndicho hicho kutwa, na kikishakodishwa, basi.

Tangu hapo sikuuliza tena chumba kiko mita ngapi kutoka baharini. Niliuliza: pa kutandika kanga bila kulipa ni wapi, na tunafika kwa miguu?

Majibu yakatupeleka Himara, mji mdogo wa pwani kama kilomita 50 kaskazini mwa Saranda, kwa basi dogo linalozunguka milima taratibu. Njiani tuliiona Borsh, ufuo wa kilomita 7 hivi chini ya mashamba ya mizeituni. Nafasi tele, uzuri wa ajabu, ila bila gari tungehangaika kununua chakula. Himara tulipata vyumba viwili na jiko, nyuma ya barabara ya ufukweni. Bahari haionekani dirishani, na ndiyo maana bei ilikuwa chini kuliko Saranda. Mkate, matunda na ufuo wa Spile vyote viko hatua chache. Ufuo ni wa kokoto. Siku ya kwanza watoto walilia, jioni tukawanunulia viatu vya mpira vya kuogelea. Agosti, wageni wanapojaa, nisingethubutu kwenda bila kulipia mapema.

Tulikaa siku tano. Kila asubuhi tulitandika kanga zetu mbili pembeni mwa vitanda vya kukodi, na hakuna aliyekuja kutudai.