"Crew is" au "crew are"? Kwa wanaowaandikia wageni

Kwenye ofisi za utalii za Arusha na Moshi, mtu anaandika "Our crew are ready", kompyuta inapiga mstari chini ya "are", naye anafuta haraka. Asifute kabla hajajua anamwandikia nani. Hicho ni Kiingereza sahihi cha Uingereza. Huenda programu yake imewekewa cha Marekani.

Mmarekani kwa kawaida hutumia kitenzi cha umoja kwa jina la kundi, yaani neno moja linalotaja watu wengi, kama "crew" (kikosi cha wafanyakazi wa safari): "The team is", "The family is". Mwingereza hutumia vyote viwili, akiangalia maana. "The crew is large": ukubwa ni wa kundi zima. "The crew are putting on their boots": kila mpagazi anavaa viatu vyake. Ndiyo maana watangazaji wa mpira wa Uingereza husema "Arsenal are winning".

Kiswahili hutuvuta kwenye umoja: kamati imekaa, familia imefika, kundi limeondoka. Kwa mgeni wa Marekani hilo linafaa. Linapotuponza ni kwenye "police". Tumezoea kusikia Jeshi la Polisi limekamata, basi tunaandika "The police has arrested". Ni kosa, Uingereza na Marekani pia. Andika "The police have arrested".

Kosa linalochafua barua zaidi, kwa maoni yangu, ni kuchanganya: "The crew is ready and have packed their bags." Ukishaanza na "is", endelea na "has". Umoja hufuatana na "which" na "its". Wingi hufuatana na "who" na "their". Ukiona "The crew is putting on its boots" inasikika vibaya, weka "crew members are", mambo yaishe.

Angalia pia "a number" na "the number". "A number of climbers are sick" ni wapandaji kadhaa wanaumwa. "The number of climbers is small" inazungumzia idadi yenyewe.

Wafanyakazi wa kampuni moja ni "staff", siyo "staffs". "Luggage" na "equipment" hazihesabiki, hivyo ni "The luggage is here" hata mabegi yakiwa 20. Ukitaka kutaja hesabu, sema "20 bags".

Na kama hujui mgeni anatoka wapi, tumia "will" au wakati uliopita: "The crew will meet you at the gate", "The crew carried the tents". Hapo kitenzi hakibadiliki, isipokuwa "was" na "were".