Nimepatia resi nne kati ya nane na bado nimekula hasara

Naanza na hesabu maana ndiyo inayouma. Jumamosi nilishinda uwanja wa farasi kutwa nzima, resi nane, nimebeti zote nane, na farasi wangu wanne wametangazwa washindi. Ukimwambia mtu hivyo anajua umerudi mfuko umevimba. Mimi nimerudi na theluthi mbili ya pesa niliyoondoka nayo, na kidogo juu.

Mpango ulikuwa wa mtu mwenye akili timamu. Niligawa pesa mafungu nane sawasawa, kila resi fungu moja, nikaapa siongezi hata nikipandwa na mori. Nilikuwa na jamaa yangu ambaye amezoea mambo haya, mimi nimezoea kubeti mpira kwenye simu, na kwa kweli nilidhani ni kitu kilekile ila na kwato.

Sio. Kwanza hakuna aliyeniambia farasi wa mashindano ni mkubwa vile. Kabla ya kila resi wanawazungusha mbele ya watu muwatazame, unasimama karibu kabisa, mnyama wa kilo kama 500 anapita mbele yako na mshipa umemtoka shingoni, na yule joki atakayempanda ana kilo hamsini na kitu, ukimkuta sehemu nyingine unaweza ukadhani ni mwanafunzi. Jamaa akawa ananionyesha, huyu ametoka povu jeupe katikati ya miguu ya nyuma, presha imempanda, nguvu zinaishia hapa hapa kabla hata hajafika kwenye mageti. Yule anayetembea ametulia na masikio yanacheza cheza, huyo mwangalie. Halafu geti likifunguka unasikia ardhi kabla hujaona kitu, zaidi ya kilomita 60 kwa saa, wanapita kama ukuta umeng'oka, na mita 1,200 zimeisha kwa dakika moja na sekunde chache. Baada ya hapo unakaa nusu saa kusubiri nyingine. Ndiyo maana naandika kwa urefu, siku nzima ya farasi ukijumlisha mbio zenyewe haifiki hata robo saa, zilizobaki zote ni kuwaza na kubishana.

Resi ya kwanza nikachukua yule ambaye watu wengi wanampa ushindi, akashinda, nikalipwa 1.8 kwa kila moja niliyoweka. Ya pili hivyo hivyo akashinda. Kichwa kikavimba, nikaanza kuongea kama mchambuzi. Kwenda dirishani kuchukua changu napewa 1.6. Nikamwambia dada wa dirishani samahani hapa kuna makosa, mimi nilipokata tiketi ubao ulikuwa unasoma 2.2! Akanitazama kwa huruma, nadhani kwa siku anaulizwa hilo mara mia.

Jamaa ndio akanielewesha. Kwenye mfumo ule hubishani na kampuni, mnabishana nyinyi kwa nyinyi. Pesa zote za resi zinaingia chungu kimoja, wenye uwanja wanakata chao kwanza, halafu kinachobaki wanagawana walioshika farasi aliyeshinda. Mfumo huu aliuanzisha Joseph Oller kule Paris miaka ya 1860 na hadi leo sehemu nyingi duniani ndio unatumika. Sasa tuseme chungu kina 100,000, wakakata 17,000 (makato mara nyingi yanacheza kati ya asilimia 15 na 25, zile beti za kutaja wa kwanza wa pili na wa tatu kwa mpangilio ndio wanakata zaidi), inabaki 83,000. Kama 40,000 zilikuwa kwa farasi wako, kila mtu analipwa kama 2.07 kwa kila moja aliyoweka. Ila dakika ya mwisho wakija watu na pesa nzito wakaweka kwa farasi huyohuyo, fungu lako linapungua na tiketi umeshakata. Odi, yaani malipo kwa kila moja uliyoweka, unayoiona ubaoni ni makisio tu, inakuja kutulia beti zikishafungwa. Kwa mabuki, wale wanaopokea beti kwa bei yao wenyewe, wa Uingereza au Australia unaweza kuchukua bei ikabaki ileile, huku kwenye chungu hapana.

Kwa hiyo kumpatia mshindi ni nusu ya kazi. Inabidi umpatie mshindi ambaye wenzako hawajamuona! Yule anayependwa na wengi hushinda kama resi moja katika kila tatu, na kila akishinda mnagawana mkiwa umati, unaondoka na chenji.

Ya tatu na ya nne nikaambulia patupu, sina hata cha kusimulia. Ya tano nikapata 2.1. Hapo nilikuwa nimeweka mafungu matano na yamerudi matano na nusu, nikasema basi, sasa nimeelewa, kwenye ya sita natafuta farasi ambaye wenzangu hawajamuona.

Nikachukua namba 7. Odi 10. Alikuwa ametulia, masikio yanacheza, mgongoni hana hata tone la jasho, na ubaoni ni kama watu wamemsahau. Geti likafunguka akatoka vibaya, nikasema ameniua, ila kwenye kona ya mwisho akaanza kupita mmoja mmoja kwa nje na mimi hapo sauti imeshanitoka, nimeshika bega la mzee mmoja nisiyemjua hata jina, na zikibaki mita kama mia alibaki mmoja tu mbele. Yule wa mbele akayumba kutoka ndani kuja nje, akamkata wangu njia, joki wangu ikabidi avute hatamu kidogo, kidogo tu, halafu akaachia tena. Tukashindwa kwa tofauti ya kichwa cha farasi.

Na mimi kwa hasira nikachana tiketi. Katikati, pwaa, nikatupa chini. Huku kwenye mpira beti ikifeli tunasema mkeka umechanika kwa mdomo tu, siku hiyo niliuchana kweli.

Haikupita dakika taa zikaanza kuwaka ubaoni, uchunguzi, waamuzi wanaangalia video. Jamaa akanigeukia taratibu.

"Tiketi yako iko wapi?"

Sikujibu. Akaanza kunipa historia badala ya kunihurumia, eti Kentucky Derby, ile mbio kubwa ya Marekani, ya mwaka 2019 farasi Maximum Security alivuka wa kwanza kabisa, watu wameshaanza kushangilia, waamuzi wakakaa dakika kama 22 wakamshusha kwa kuwaingilia wenzake njia, ushindi akapewa Country House wa odi 65 kwa 1. Kwa hiyo, akasema, tiketi haitupwi mpaka watangaze matokeo rasmi, hilo ni la kwanza kabisa kujua. Nikamuuliza kama ni la kwanza mbona sasa hivi ndio unaniambia saa tisa alasiri.

Wakatangaza. Namba 7 wa kwanza.

Nilipiga magoti jamani. Mtu mzima na shati lake zuri anatambaa chini ya viti, na kule chini tiketi sio moja, ni mamia, zote nyeupe, zote zimekanyagwa. Kumbe kuna watu shughuli yao ndiyo hiyo, wanazunguka uwanja mzima wanaokota tiketi na kuzikagua moja moja wakisubiri mwenye kiherehere kama mimi, na mmoja alikuwa ameshafika safu yetu. Tulitazamana kama paka wawili. Yule mzee niliyemshika bega naye akainama kunisaidia, Mungu ambariki, akawa anasoma namba kwa sauti, tatu, tano, moja, tatu, mpaka akasema "kijana, saba hii hapa".

Nusu ya saba. Upande wenye namba ya resi na namba ya farasi. Upande wenye msimbo wa kusomwa na mashine hatukuuona tena.

Nikaenda nayo dirishani hivyo hivyo, kwa dada yuleyule.

"Dada yangu, naomba unisaidie, nusu nyingine imepotea."

"Pole kaka. Bila ule msimbo siwezi kujua kama imelipwa au bado."

Na ana haki, maana huenda nusu nyingine ilikuwa inapelekwa dirisha la pili na mtu mwenye maneno matamu kuliko yangu. Mafungu kumi hayo. Resi ya saba nimebeti bila hata kwenda kuangalia farasi, nikapoteza. Ya nane nikafanya kile wanachofanya wote waliokula hasara jioni ikifika, nikakimbilia farasi wa odi 40 ili anirudishie vyote kwa mpigo, angalau kiapo sikuvunja, fungu moja tu. Nadhani bado yuko njiani anakuja.

Njiani jamaa akanichekesha kidogo. Farasi Secretariat aliposhinda mbio za Belmont Stakes kule Marekani mwaka 1973 kwa tofauti ya urefu wa farasi 31, tiketi ya dola 2 ililipa dola 2.20 tu, na tiketi 5,617 za ushindi hazikurudishwa dirishani kabisa, watu walibaki nazo kama kumbukumbu. Nikamwambia hao walikuwa wanasamehe dola mbili na senti 20, usinifananishe nao.

Nusu yangu iko kwenye pochi nyuma ya kitambulisho. Resi ya 6, namba 7, halafu mchaniko.