Majina kwenye simu ya mjane

Jirani yangu hapa Mbagala yuko eda. Mumewe alifariki kabla ya adhana ya alfajiri, na tukamzika siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri, maana kwetu maiti hacheleweshwi. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wameshafika kutoka Bunju, Gongo la Mboto na Kigamboni, wote wamepata habari kwenye makundi ya WhatsApp. Enzi za kungoja tangazo la redio, wengi wao wangekuta kaburi limeshafukiwa. Niliishukuru sana simu siku ile.

Rambirambi nazo zilimiminika. Kabla M-Pesa haijaingia nchini mwaka 2008, ndugu wa mkoani alitia hela kwenye bahasha, akampa dereva wa basi, nawe ukaenda kuipokea Ubungo. Sasa inafika hata sanda haijanunuliwa.

Jioni tukiwa tumekaa jamvini, simu ya mjane haikunyamaza. Binti yake akaichukua awe anamsomea. Lakini ujumbe wa muamala huja na jina lililosajiliwa kwenye laini, na tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, jina hilo ndilo la kitambulisho cha NIDA. Nani mtaani anajulikana kwa jina hilo? Binti akasoma majina matatu ya mtu mmoja, mama akatikisa kichwa, hamjui. Bibi mmoja pembeni akadakia, "Si yule muuza mihogo wa Rangi Tatu!"

Mjane akainua uso. "Jamani, hata yeye?" Akaanza kutusimulia jinsi marehemu alivyokuwa akimsaidia yule baba kusukuma mkokoteni wake mvua ikinyesha. Tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya "ahsanteni". Ikawa kila jina likisomwa, jamvi zima linamtafuta mwenyewe: huyu fundi cherehani, huyu mwalimu wa madrasa, huyu aliwahi kupanga uani. Wengine walikuwa wameandika kabisa, "Pole dada, ni mimi wa saluni," na hao aliwajibu mwenyewe.

Wanaosema simu imeua utu siwaungi mkono. Ninachokiogopa ni mtu kutuma hela kisha akaona amemaliza. Matanga yakishaanuliwa na turubai likishakunjwa, kundi la mtaa huhamia kwenye michango ya harusi, ilhali eda ya kufiwa ni miezi 4 na siku 10. Muda wote huo mwenzetu haendi shughulini, hatoki ila kwa dharura. Hapo ndipo simu inapohitajika hasa. Shangazi yake wa Tanga humtumia ujumbe wa sauti kila asubuhi, mrefu, na habari za mbuzi na za majirani ndani yake, naye huusikiliza akiwa anapepeta mchele. Kwa maoni yangu, ule ujumbe una uzito kuliko miamala mingi.

Basi nimeliomba kundi letu mambo mawili: anayetuma rambirambi aandike yeye ni nani, na sisi tulio karibu tupeane zamu za kwenda kushinda naye. Mwekahazina amekubali na orodha ameshaibandika. Ijumaa hii ni zamu yangu na mama wa nyumba ya pili. Tutachukua maandazi, na mwenyewe ameshatuagiza uzi wa kudarizia kofia, mweupe, usiwe ule unaokatikakatika.