Hata Sasa: Jiwe la Dakika Tano

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Neno la wiki hii ni 1 Samweli 7:12. Baada ya Israeli kuwashinda Wafilisti, Samweli alitwaa jiwe, akalisimamisha kati ya Mispa na Sheni, akaliita Ebenezeri, akisema, "Hata sasa BWANA ametusaidia." Tazameni mahali jiwe liliposimama: kati. Siku za Sauli Wafilisti wangerudi kusumbua, na Samweli hakungoja mambo yote yaishe ndipo ashukuru.

Tunalisoma pamoja na walioanza kukimbia mwaka huu. (Waebrania 12 tumeshawahubiria wakimbiaji mpaka wanaimaliza kabla ya mhubiri, basi leo ipumzike.) Anayeanza hutaka jiwe moja tu, kubwa, kilomita 10, tena alisimamishe kabla ya Pasaka. Mawe yake halisi ni madogo: dakika 5 bila kusimama, kisha 10, kisha 20, kisha 30. Hesabu dakika, achana na kasi. Ukianza kupima kasi wiki ya pili, kila siku itakuwa mashindano na mwili hautapata siku ya kujengeka.

Siku tatu kwa wiki zinatosha, kwa mfano Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Wiki ya 1 na ya 2, tembea haraka dakika 5, kisha kimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, mara 8, umalize kwa kutembea dakika 5. Jumla ni dakika 34. Wiki ya 3, kimbia 2 tembea 2, mara 6. Wiki ya 4 punguza, toka siku mbili tu. Wiki ya 5, kimbia 5 tembea 2, mara 3, na hapo jiwe la kwanza limesimama. Wengi hufika dakika 20 mfululizo karibu na wiki ya 10, na dakika 30 wiki mbili tatu baadaye. Wiki ikikushinda, irudie. Hakuna anayekuandikia alama.

Mwendo uwe upi? Kumbukeni mchakamchaka wa shuleni: mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia huku miguu inakwenda. Huo ndio. Kama huwezi kusema "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe" kwa pumzi moja, unakimbia mno. Punguza hata kama mama mwenye beseni la dagaa anakupita. Na kichomi cha ubavuni mara nyingi hutokana na kutoka na tumbo limejaa. Baada ya ugali wa muhogo na mgebuka, subiri saa mbili au tatu.

Mji wetu wa Kigoma hauna huruma kwa anayeanza, maana ukitoka stesheni kwa barabara ya Lumumba kuelekea Mwanga unapanda tangu hatua za mwanzo. Mlima utembee. Kushuka nako usijiachie, kwa sababu kila hatua ya kushuka inagonga goti na kusukuma vidole mbele ya raba. Kwa miezi miwili ya mwanzo tafuta uwanja wa mpira. Uwanja wa kipimo kamili, ukizungukwa kwa nje ya mistari, ni kama mita 350, hivyo raundi tatu ni kilomita moja na ushee. Badilisha upande wa kuzunguka kila siku ili mguu mmoja usibebe kona zote. Relini msikimbilie: ukiacha hatari ya treni, nafasi za mataruma hazilingani na hatua ya mtu, na kifundo hugeuka hapo.

Sasa jambo linalowarudisha wengi nyumbani. Kutoka 23:29-30 Mungu anasema hatawafukuza adui katika mwaka mmoja, nchi isije ikawa ukiwa na wanyama wa porini wakaongezeka. Atawafukuza kidogo kidogo, mpaka watu waongezeke na kuirithi nchi. Polepole ile ilikuwa ulinzi. Mwili wa mkimbiaji nao uko hivyo. Moyo na damu huzoea ndani ya wiki chache, kwa hiyo wiki ya 4 au ya 5 pumzi inakuwa tele na mtu anajiona ameiva. Lakini kano na mifupa huchukua miezi kuimarika. Anaongeza dakika mara mbili kwa sababu kifua kimekubali, na ugoko ndio unaolipa.

Mjifunze kutofautisha maumivu. Misuli inayouma miguu yote miwili, siku moja au mbili baada ya kukimbia, kisha ikatulia, hiyo ni kawaida. Maumivu ya sehemu moja kwenye mfupa wa ugoko, ambayo unaweza kuyagusa kwa ncha ya kidole na yanazidi kadiri unavyokimbia, yanaweza kuwa dalili ya ufa mwembamba. Hapo acha kukimbia, nenda kwa mganga wa hospitali. Maombi tutakuombea, ila ukiwa umekaa.

Raba za mitumba zinafaa, mradi uzikague. Ikunje: inapaswa kupindika penye vidole, si katikati. Bonyeza sponji kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao imeshakufa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma, na kama kisigino kimelala upande mmoja, irudishe. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele.

Kwetu jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni, maana tuko magharibi kabisa ya nchi na saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam. Anayetoka saa 11 alfajiri anakimbia gizani. Avae shati jeupe, na akimbie akiyatazama magari usoni.

Mkimbiaji wetu wa Tanzania, Alphonce Simbu, alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa wa tano. Mwaka 2017, mashindano ya dunia London, alipata shaba. Dhahabu ya dunia ilikuja Tokyo mwaka 2025, kwa saa 2:09:48, muda uleule wa aliyemfuata, mpaka ikaamuliwa kwa picha ya mstari wa mwisho. Ile nafasi ya tano nayo ilikuwa jiwe.

Wiki hii kila mmoja awe na daftari. Andika tarehe, dakika ndefu zaidi ulizokimbia bila kusimama, na neno moja la shukrani.

Sura ileile ya jiwe, 1 Samweli 7, mstari wa 16 na 17, inasema Samweli aliendelea kuzunguka kila mwaka, Betheli, Gilgali, Mispa, kisha akarudi Rama, kwa maana nyumba yake ilikuwa huko. Nanyi mkimaliza, zile dakika 5 za mwisho tembeeni mpaka nyumbani, msikae chini ghafla mkapata kizunguzungu.