Kantangaze nilimjulia kwenye simu

"Shamba halilimwi kwenye simu, mwanangu." Baba mdogo alinitamkia hivyo mbele ya watu. Leo nyanya zangu hapa Ilula, Iringa, zimesimama, na simu ndiyo iliyoziokoa.

Majani yalianza na michirizi myeupe, kisha yakakauka kama yaliyopitiwa na moto. Nikapiga picha ya mche mzima, nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp la wakulima. Majibu yakamiminika: ukungu! Nikanyunyizia dawa ya ukungu wiki mbili, kama elfu hamsini ikaenda, michirizi ikazidi. Siwalaumu sana, picha yenyewe haikuonyesha kitu.

Asubuhi moja nikachuma jani, nikaliinua lielekee jua, nikapiga kutoka upande wa chini, simu karibu kabisa. Mle ndani, katikati ya ngozi mbili za jani, akaonekana funza mdogo wa kijani, kichwa cheusi, na vinyesi vyake nyuma kama mchanga. Nikaituma. Chai haijapoa, nimeshajibiwa: kantangaze! Ndiye huyu funza wa nondo wa nyanya mwenye asili ya Amerika Kusini, aliyeingia kwetu Tanzania 2014. Anakula akiwa ndani ya jani, kwa hiyo dawa ya juu juu haimfikii.

YouTube, kwa jina la Kiswahili, nilipata video chache. Nikaandika jina la kitaalamu, Tuta absoluta, zikaja mpaka nikachoka kuchagua. Huko ndiko nilikojifunza mtego: beseni la maji ya sabuni, juu yake unaning'iniza kiraba chenye harufu ya nondo jike. Madume wanaifuata, wanazama. Mtego hauwamalizi, ila unakujulisha wameongezeka lini. Dawa nabadilisha, na sibadilishi jina la chupa tu: napiga picha lebo, nalinganisha kiambata, yaani sumu yenyewe iliyomo, maana chupa mbili za majina tofauti zaweza kuwa na sumu ileile ambayo mdudu ameshaizoea.

Na anayekuambia unyunyizie mafuta ya taa, mwombe kwanza picha ya shamba lake. Aliyenishauri mimi hakuwa nayo.

Sasa kila Jumatatu natuma hesabu ya beseni kundini, ili jirani ajue kabla hajaingiliwa. Wiki iliyopita walikuwa 43. Juzi nilichelewa kutuma, saa mbili asubuhi simu ikaita, baba mdogo: "Vipi, leo wameingia wangapi?"